Mstari Mwembamba wa Kwetango

Jua halijapanda vizuri juu ya milima ya Upare, Mjenzi alikwisha kuinua kuta za vyumba vinne vya hoteli. Lilikuwa dude la kutisha: miguu sita, shingo ndefu, na mdomo uliotema zege tabaka juu ya tabaka, bila fundi, bila hata chai ya saa nne. Dude hilo lilisoma kitu kimoja tu, nakala mgando, yaani mchoro uliogandishwa asiweze mtu kuuchezea. Wazee wetu waliuita pidiefu. Kisichokuwamo humo, kwa Mjenzi hakipo duniani.

Na mfereji wa kijiji cha Kwetango haukuwamo.

Aliyeleta habari ni Bi Namkunda, mwenyekiti wa wenye mfereji, matope yamemfika magotini. "Mhandisi, dude lenu limekanyaga ukingo wetu likaubomoa. Maharage yametoa maua. Yakikosa maji wiki hii, tutakula hoteli?"

"Haiwezekani, mama," akasema Nakijwa, mhandisi wa michoro. "Mfereji nimeuchora mwenyewe."

Hata hivyo akabonyeza kitufe cha dharura, Mjenzi akaganda shingo juu. Kisha akafungua mchoro wake kwenye kioo. Mfereji huo hapo, unashuka kutoka kwenye ndiva, bwawa la kijiji, hadi mashambani. Akafungua nakala mgando. Wapi! Kuta zipo, nguzo zipo, hata vyungu vya maua vipo. Mfereji hakuna.

Akaanza kuutafuta ugonjwa. Pengine picha ni hafifu: akaongeza ukali, akagandisha upya. Maandishi yakang'aa, mfereji hakuna. Pengine rangi ya kijivu imefifia: akaupaka weusi. Hakuna. Pengine mistari inageuzwa kuwa vidoa vya picha: akaamuru mistari ibaki mistari. Lo, hakuna! Ndipo akapekua mipangilio ya kugandishia, akakuta kanuni moja imewashwa: mstari mwembamba kupita unywele ni uchafu, ufutwe.

Desturi ya wachoraji ni hiyo tangu zamani: kinachokuja kujengwa huchorwa kwa mstari mnene, kilichokuwepo kabla huchorwa kwa mstari mwembamba. Kanuni ile haikufuta uchafu hata kidogo. Ilifuta kila kilichoitangulia hoteli.

"Niliiwasha mimi," akasema Mkurugenzi Mfinanga alipoulizwa, wala hakuona haya. "Mchoro ulijaa utandabui. Ule ni mstari tu, binti yangu."

"Kwako ni mstari, Mkurugenzi. Kwao ni chakula."

"Mstari huo ukirudi, ukumbi wangu unakatwa katikati! Ukigandisha hivyo, muhuri wako uache mezani uende zako."

Muhuri ule Nakijwa aliusotea ujana wake wote, na kuuacha kulimuuma hasa. Lakini hasira ilikuwa imempanda mpaka masikioni.

"Nitauacha," akasema. "Ngoja kwanza ufanye kazi ya mwisho."

Akaushika mstari wa mfereji akaunenepesha, ukawa mnene kupita ukuta wowote wa hoteli. Akagandisha. Akapiga muhuri mbele ya macho ya bosi wake. Akakiachia kitufe cha dharura. Mjenzi akashusha shingo, akasoma, akaurudisha mguu wake nyuma taratibu.

"Futa! Futa sasa hivi!" Mfinanga akafoka.

Nani afute? Nakala yenye muhuri haibatilishwi ila kwa muhuri wa mhandisi, na wahandisi wengine wote Mfinanga alikwisha kuwaachisha kazi, akijigamba kwamba Mjenzi anatosha. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Nakijwa akaweka muhuri mezani, akateremka. Kule chini baragumu la msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, lilikuwa linalia, watu wanakuja na majembe kuziba ukingo.

"Umemaliza kazi, mwanangu?" Bi Namkunda akauliza.

"Ya kule juu wameninyang'anya, mama."

"Pole. Ya huku haina wa kukunyang'anya. Shika jembe."

Nakijwa akavua viatu, akaingia matopeni pamoja nao. Juu yao Mjenzi akaanza kuta za ukumbi, moja ng'ambo hii, nyingine ng'ambo ile, na katikati akaacha njia ya maji.