Ule Usubiri

Kwa jina la Mola aliyemfundisha mja kwa kalamu, kisha akampa miguu ya kuifuata elimu popote iliko, twaanza; na rehema zimshukie Mtume wake na kila aliyeishika njia yake. Watu wa kutajwa humu ni watatu, na kila mmoja akae mahali pake. Wa kwanza ni mwalimu wa michezo wa shule ya sekondari, ambaye wanafunzi walimwita Kipenga, kwa kuwa kipenga hakikutoka shingoni mwake hata siku za mitihani. Wa pili ni mwalimu wa kemia, Bi Tindikali. Na jina hilo hakulipata kwa somo lake peke yake, maana ulimi wake nao ulichoma. Wa tatu ni shangazi yake Bi Tindikali, aliyemlea tangu wazazi wake walipotangulia mbele ya haki: mwalimu mstaafu wa Kiswahili, na sasa mwenyekiti wa kamati ya shule. Waliobaki ni wapita njia.

Wawili wa mwanzo walikutana Jumamosi asubuhi katika duka la vifaa vya ujenzi, saa ambayo mafundi husongamana kaunta kama nyuki mzingani. Msumeno ulikuwa ukilia uani, na hewa ilinuka rangi na mbao mbichi. Kipenga, katika traksuti yake ya buluu iliyopauka magotini, aliulizia chokaa. Muuzaji akaubwaga mfuko wa mwisho mbele yake, vumbi jeupe likaruka. Na kabla halijatua, mkono wa kike ulikuwa umeushika mfuko ule.

"Samahani, kaka. Huu niliuulizia mimi kwanza."

Kipenga akageuka. Alikuwa mwanamke wa makamo ya ujana, gauni la zambarau lililopigwa pasi likapigika, ushungi wa rangi ya maziwa uliofungwa bila haraka, na macho yasiyojua kuomba radhi.

"Uliuulizia, dada, lakini hukuulipia."

"Na wewe umeulipia?"

"Nilikuwa natia mkono mfukoni."

"Basi tuko sawa. Wako wa nini?"

"Wa kuchora mistari ya mbio. Na wewe, unapaka nyumba?"

"Mimi nafundisha. Chokaa naitia majini, wanafunzi wanapuliza kwa mrija, maji yanageuka kama maziwa."

"Maskini watoto wa watu! Maziwa ya chokaa?"

"Hawayanywi, kaka, wanatazama pumzi yao ina nini. Wewe unawakimbiza mpaka pumzi ziishe. Mimi nawaonyesha zilikokwenda."

Mafundi wakaangua kicheko. Mmoja wao, mzee mwenye penseli sikioni, akasema, "Gawaneni. La sivyo oaneni, mfuko uende nyumba moja, na sisi tuhudumiwe!"

Waligawana. Na walipoulizana shule, kila mmoja akaitaja ileile: Kipenga alikuwa mwenyeji wa miaka, na mwanamke alikuwa amehamishiwa hapo, anaanza Jumatatu.

Mapenzi yao hayakuja kwa kishindo. Yalikuja kwa kiti kilichosogezwa katika chumba cha walimu, kwa kikombe cha chai kilichofunikwa kisipoe, na kwa simu za jioni zilizoanza na ratiba za vipindi zikaishia mbali na ratiba.

"Umekula?"

"Nimekula. Wewe umeoga, au bado unanuka uwanja?"

"Bi Tindikali, utanimaliza."

"Chuma kizuri hakimalizwi na tindikali, mpenzi. Kinatoka kutu tu."

Kipenga alilala akicheka peke yake, na mtu mzima akicheka peke yake gizani, ujue moyo umeshahama.

Ikafika siku shule ilipopata fungu la fedha kutoka kwa wafadhili, nalo lilitosha jambo moja tu. Mambo yaliyongoja yalikuwa mawili. Uwanja ulikuwa na mashimo, hauna vyumba vya kubadilishia nguo wala ngazi za watazamaji. Na shule haikuwa na maabara: kemia ilifundishwa ubaoni kwa chaki, na wanafunzi walivijua vyombo vya majaribio kwa picha, kama watu wa bara wanavyoijua pwani. Uamuzi uliwekwa mbele ya mkutano wa wazazi.

Wapendanao hawakufichana. "Mimi nitausemea uwanja," alisema Kipenga. "Wapo wanafunzi ambao darasani hawaitwi jina ila kwa kukosea. Uwanjani ndiko wanakosifiwa. Ukiwaondolea hicho, hata shuleni hawaji."

"Najua," akajibu Bi Tindikali, "na sikubezi. Lakini wangu wataingia chumba cha mtihani wa vitendo hawajapata kushika hata kichupa. Hiyo si dhuluma?"

"Basi kila mtu aseme lake, na baada ya mkutano tunywe chai."

"Chai utanunua wewe, maana utashindwa."

Siku ileile, wakitembea kuelekea lango la shule, Kipenga akamwambia neno alilolibeba muda mrefu: "Nataka uchumba wetu utangazwe. Sitaki kuonekana nakuzungukazunguka kama paka jikoni. Mwambie shangazi."

Bi Tindikali akainamisha uso, na kwa mara ya kwanza tindikali ikakosa la kuchoma. "Nitamwambia," akasema taratibu.

Kesho yake, saa ya mapumziko, Kipenga alimbebea chai. Mlango wa chumba cha walimu ulikuwa wazi kidogo, na ndani Bi Tindikali alikuwa kwenye simu, amempa mgongo.

"Shangazi, kuhusu ule, mimi nasema usubiri... Hapana, si wa lazima mwaka huu... Najua anautaka. Anauota usiku na mchana, masikini. Lakini ukianzishwa kwa pupa utatutia hasara... Mwachie mimi, nitamweleza mwenyewe. Ataumia, lakini atazoea."

Chai ikamwagikia vidole vyake, asiusikie moto. Akakiweka kikombe dirishani, akaondoka kwa nyayo za mtu aliyetoka kuzika.

Tangu hapo hakuupokea mwito wowote. Simu ilipoita akaitazama mpaka ikanyamaza, mwishowe akaizima. Chumba cha walimu alikikwepa. Bi Tindikali alipomkuta kwenye ukumbi wa nje akamuuliza, "Mpenzi, nimekukosea nini?" naye akajibu, "Hujanikosea. Nazoea tu," akapita. Mwanamke akabaki amesimama, vitabu kifuani, akidhani amenuniwa kwa sababu ya maabara. Na hilo likamuuma, kwani hakumdhania kuwa mtu wa kununa kwa hoja.

Alfajiri ya siku ya mkutano Kipenga aliswali, akakaa juu ya mswala wake kitambo kirefu. Nafsi ikamnong'oneza: Leo mwangushe. Wazazi wanaipenda timu. Kikombe cha muhula uliopita kimo ofisini kinang'aa. Sema kidogo tu, fungu litakuja uwanjani, naye aonje kukataliwa kulivyo. Na alijua kwamba anaweza.

Lakini asubuhi hiyo, akirudisha kiti alichokiazima, alipita nje ya darasa la kemia. Wanafunzi walikuwa wamepanga mstari, kila mmoja ameshika kalamu ya wino kwa vidole viwili, ameinyanyua usawa wa jicho. Bi Tindikali, koti jeupe limemkaa mabegani, alikuwa akisema, "Usikiinamishe chombo. Soma kiwango kwa jicho lililo sawa nacho. Tone moja, kisha ngoja." Hapakuwa na chombo wala tone. Wanafunzi walizitazama kalamu zao kwa makini, na hakuna aliyecheka.

Kipenga akakikalia kiti kile palepale nje. Alikuwa amewafundisha watu kuruka, kudaka na kuanguka bila kuvunjika, na alijua kwamba mwili haufunzwi kwa picha. Ilimuuma kuona kwamba aliyemuumiza ana haki. Na waliomlea walimfunza kuwa kweli husemwa ijapokuwa chungu. Hawakumwambia kuwa huachwa ikiwa inamfaa mtu aliyekuacha.

Bwalo lilijaa wazazi, wengine wamesimama madirishani. Shangazi, amevaa miwani yenye mnyororo, aligonga meza. Bi Tindikali alisema yake kwa ufupi. Kisha akaitwa Kipenga, na wapenzi wa timu wakapiga makofi kabla hajafungua kinywa.

"Wazazi wangu," alisema, "nilikuja kuutetea uwanja. Nami nauamini mpaka sasa, kwa sababu kuna watoto wenu ambao mlango wao wa kuingilia shuleni ni uwanja. Lakini leo nimeona watoto wengine wakifundishwa kupima kemikali kwa kalamu za wino. Mimi nikiwafundisha watoto wenu kuogelea kwa kuwalaza kifudifudi juu ya saruji, mtanifukuza, na mtakuwa mmetenda haki. Uwanja wetu una mashimo, ila mguu unapata pa kukanyaga. Kule hawana hata shimo. Maabara iwe kwanza."

Minong'ono ikapita bwaloni. Hapo angeketi, lakini uchungu ukapanda, ukamshinda ulimi.

"Uwanja usubiri," akasema bila kumtazama mtu. "Si wa lazima mwaka huu. Ukianzishwa kwa pupa utatutia hasara. Na anayeuota usiku na mchana ataumia, lakini atazoea."

Bi Tindikali aliinua kichwa ghafla. Yalikuwa maneno yake mwenyewe, moja baada ya jingine.

Mikono ikainuka kwa wingi upande wa maabara. Watu walipoanza kutawanyika, Bi Tindikali alimfuata Kipenga mpaka nyuma ya bwalo, akamzibia njia.

"Maneno yale umeyatoa wapi?"

"Kinywani mwako. Nilikuletea chai, nikakukuta kwenye simu."

"Kumbe ulisikia! Na ndiyo ukaninunia wiki nzima, mtu mzima, kwa ajili ya uwanja?"

"Uwanja gani tena? Si ulikuwa ukiusema uchumba wetu?"

"Nilisema uchumba?"

"Ulisema 'ule'!"

"Ule uwanja!"

"Mimi nikasikia ule uchumba! 'Najua anautaka, anauota...' Kwani mimi naota nini kingine?"

Kicheko kikamtoka mwanamke, na machozi yakakifuata, akayafuta kwa ncha ya ushungi. "Ewe Kipenga! Nilikuwa nakupigia nikwambie nimemwomba shangazi maabara ipite, usije ukalisikia kwa watu. Wewe umezima simu."

"Mnapigia kelele nini nyuma ya bwalo la watu?" Shangazi alikuwa amesimama pembeni, miwani puani. Alipoelezwa, alishika kiuno.

"Maisha yangu yote nafundisha ngeli, na bado zinanitesa nyumbani kwangu! Uwanja usubiri, uchumba usubiri. Ngeli moja, viambishi vilevile. Nao ugomvi umo humohumo, na ujinga umo humohumo!"

"Na upendo, shangazi," Bi Tindikali akasema.

"Na upendo. Ndiyo maana nyinyi mnavichanganya." Akamgeukia Kipenga. "Huo uchumba, mwanangu, niliuridhia siku ileile ya simu, nikamwambia akupe habari. Habari ikagonga mlango, mwenye nyumba kajifungia. Nikajiuliza: mtu anayezima simu badala ya kuuliza, nimkabidhi mtoto wangu kweli? Leo ndipo nilipopata jibu. Mtu asemaye haki akiwa na jeraha, huyo nyumba yake haitamdhulumu mtu. Ila utajifunza kuuliza."

Kipenga akainamisha kichwa. "Nitajifunza, shangazi." Kisha kwa Bi Tindikali: "Nisamehe. Nilikuhukumu kwa neno moja, na hata neno lenyewe sikulisikia lote."

"Nimekusamehe. Uwanja wako nao una haki; mwakani nitakuwa wa kwanza kuusemea. Lakini ukisikia tena nusu ya maneno?"

"Nitaingia na chai yangu niulize nusu iliyobaki."

Akasimama wima mbele ya shangazi. "Basi kwa ruhusa yako, nauliza wazi mbele yenu. Kuhusu ule—"

"Koma hapo!" Shangazi akainua kidole. "Mwiko, 'ule' haitamkwi tena kwangu. Sema ndoa. Ndoa ni ngeli nyingine kabisa, hakuna uwanja utakaochanganywa nayo."

"Ndoa, basi," akasema Kipenga. "Isisubiri."

Bi Tindikali akamtazama, macho yale yasiyojua kuomba radhi yakiwa yamelainika. "Isisubiri," akasema.

Ewe Mola mwenye kujua yaliyosemwa na yaliyokusudiwa, wape wawili hawa kuulizana kabla ya kununiana. Wape wanafunzi wa shule zote pa kusomea na pa kukimbilia, na wanaogawa mafungu uwape moyo wa uadilifu. Nasi tuliobaki, utujaalie masikio yanayosubiri sentensi ifike mwisho. Amin.