Niliitikia Pole ya Dada Yangu Aliye Hai

Nina miaka arobaini na mitatu, na kwa karibu miaka ishirini nimejilisha kwa kuchora sura za watu waliokufa. Kibanda changu kiko Kariokor, karibu na mafundi wa viatu vya tairi. Wasomaji wenzangu, sitafuti huruma yenu. Nataka tu mjue picha moja imenifanya nini.

Sisi watu wa magharibi mwa Kenya tukifiwa hapa Nairobi, hukutana jioni baada ya jioni kupanga safari ya kumpeleka marehemu nyumbani. Siku hizi mikutano hiyo haikamiliki bila picha kubwa ya marehemu mezani. Basi huniletea kapicha ka kitambulisho, kadogo, kamefifia. Nami sishiki brashi kwanza. Huwaketisha kwenye benchi nikawaambia, nihadithieni mtu wenu. Alipenda chakula gani? Alicheka vipi? Alikasirishwa na nini? Nikishapata hadithi ndipo sura inakuja.

Kuna jambo moja kila mtu wa Kariokor analijua. Nyuma ya sura ya marehemu mimi hupaka samawati. Nyuma ya aliye hai hupaka rangi nyingine yoyote, hata akiniomba samawati namkatalia. Kwa hiyo mpita njia akiona nimeanika picha ya samawati, hupunguza sauti na kusema pole.

Nina mdogo wangu mmoja tu, Yunia. Tuliishi pamoja mtaa wa Pipeline, ghorofa ya sita, chumba kimoja, nguo zikikauka juu ya vichwa vyetu. Alikwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani. Miezi mitano ya kwanza alipiga simu kila wiki. Halafu akaniambia mwajiri amemnyang'anya pasipoti. Halafu simu ikazima... ikazima kabisa.

Mama yetu, aliye kule nyumbani, hakukubali kunyamaza. Kila Jumatatu asubuhi alimpigia simu wakala aliyempeleka Yunia. Wakala alimwambia mtoto ametoroka kazini. Mama akamjibu, "Basi mtafute huko alikotorokea, kwa sababu Jumatatu ijayo nitakupigia tena." Na kweli alipiga, wiki baada ya wiki, mwaka mzima. Wakala akaanza kumwogopa.

Mimi nilikuwa nimechoka. Nasema ukweli, nilikuwa nimechoka kungoja. Siku moja kazi ilikuwa haba nikaanza kumchora Yunia kutoka picha ya simu. Hakukuwa na mtu wa kunihadithia, nikajihadithia mwenyewe. Alivyokuwa akila ugali akiacha tonge la mwisho. Alivyokuwa akiniita "Dada" kwa sauti ya kulalamika hata akiwa na furaha. Nililia nikichora. Na mkono wangu ulipofika nyuma ya sura, ukachovya samawati.

Je, sikujua nilichokuwa nikifanya? Nilijua. Nilijiambia ni rangi tu, na ndiyo iliyokuwa imebaki nyingi kwenye kopo.

Nilipoianika nje, mama anayeuza viondo jirani yangu alisimama, akaitazama sana. Akanishika bega. "Haki pole, Rispa. Kumbe mlipata habari."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema hapana. Neno moja tu. Lakini jamani, mwaka mzima watu walikuwa wakiniuliza "Yunia aje?" na sikuwa na jibu, na huyu mama alikuwa ananishika bega... Nikasema asante.

Sikutamka kwamba amekufa. Niliitikia pole tu. Kufikia saa saba mchana, hata wachoma nyama wa soko la Burma walikuwa wameshasikia. Watu walikuja kibandani kwangu kunipa mkono. Nikazidi kusema asante.

Haikuishia hapo. Bwana mmoja anayeandaa maonyesho ya picha mjini alipita kutafuta viatu, akaiona. Alisema hajawahi kuona macho ya namna ile. Akanialika. Miaka yote nilikuwa nimechora watu wa wengine, picha zikabebwa juu ya jeneza na jina langu halikuulizwa. Nilitamani, wasomaji wangu. Nilitamani mno.

Siku ya maonyesho walinipa kipaza sauti wakaniomba nieleze hadithi nyuma ya picha. Mimi, niliyewasikiliza wafiwa karibu miaka ishirini, nilijua namna wanavyosema, mahali wanaponyamaza. Nikasema mdogo wangu alikwenda kututafutia riziki na hakurudi. Nikasema tunamlilia. Wanawake walitoa vitambaa wakapangusa machozi. Mtu mmoja akanirekodi kwa simu, na video hiyo ikasambaa hadi ikafika kwa baba mdogo kule nyumbani.

Alinipigia akilia. Hakuniuliza kama ni kweli. Aliniuliza kwa nini nimewaficha, na kwa nini Mama asikie kutoka kwa watu. Nilijibu kwamba nilishindwa kumwambia. Hilo ndilo neno baya kuliko yote niliyowahi kusema.

Mwili haukuwepo, kwa hiyo wazee wakaamua, kama inavyofanywa kwetu, mgomba uzikwe mahali pake ili apumzike. Siku ikapangwa.

Siku nne kabla ya kusafiri, Mama Shiro wa mlango wa pili pale Pipeline alinisimamisha kwenye ngazi. Alikuwa na hasira.

"Matapeli hawana haya, Rispa. Kuna msichana amenipigia na namba ya nje, eti yeye ni Yunia, eti simu yako haishiki, nikwambie umtafute. Nikamwambia, wewe mjinga, Yunia tunamzika Jumamosi. Akaanza kulia. Nikakata."

Nilikuwa nimebadilisha laini mwezi uliotangulia. Namba ya Mama Shiro, Yunia aliijua kwa kichwa, kwa sababu ndiyo tuliyokuwa tukitumia tukikosa chaji.

Nilimwomba Mama Shiro ile namba ya nje, nikaipiga mara mbili. Mara ya kwanza haikupokewa. Mara ya pili alipokea mwanamume, akafoka kwa Kiarabu, akakata. Nikajiambia, ni matapeli, Mama Shiro anawajua. Baba mdogo alikuwa ameshalipia hema. Wazee walikuwa wameshachagua mgomba. Nikafuta namba ile.

Jumamosi tukauzika mgomba, umefungwa shuka jeupe, na picha yangu imesimama mbele yake. Mama hakulia. Alinikazia macho akauliza, "Rispa, una hakika?" Nikatikisa kichwa kukubali. Jumatatu iliyofuata hakumpigia wakala. Hakumpigia tena kamwe.

Mwaka na miezi saba baadaye Yunia alirudi. Wasichana wengine waliookolewa huko ndio waliowaambia maafisa mahali alipo, akapandishwa ndege pamoja nao. Vidole vitatu vya mkono wa kushoto havinyooki, vilichomwa kwa pasi. Alinieleza kwamba ile siku ya kupiga simu alikuwa ameazima simu ya dereva kwa dakika chache. Mwajiri alipogundua, ndipo akamchoma. Na baada ya kuambiwa anazikwa Jumamosi, hakujaribu kupiga tena. Alisema, "Nilidhani mmenichoka."

Tulikwenda naye nyumbani. Wazee walimzuia getini. Aliyezikwa hapiti mlangoni mpaka kaburi lifukuliwe na mgomba utolewe. Akakaa kwenye kigoda nje ya ua, juani, akiwatazama wanaume wakichimba kaburi lake. Mama akaileta ile picha kutoka ukutani na kuiegemeza mbele yake. Akaenda kukaa upande wa Yunia, si upande wangu.

Yunia aliitazama muda mrefu. Halafu akasema kwa upole kabisa, "Dada, watu wanasema unajua hadithi ya kila picha. Nihadithie hii."

Nilifungua mdomo. Nilikuwa nimeisimulia mbele ya ukumbi uliojaa watu... lakini mbele yake sikupata hata neno la kwanza. Ndipo Mama alipojua. Aliniangalia usoni akajua kwamba sikuwahi kupata habari yoyote ya kifo.

Sichori tena. Brashi nilimpa mama wa viondo afagilie vumbi.

Wasomaji wangu, ukipewa pole isiyo yako, irudishe papo hapo, hata kama imekupoza moyo, hata kama utaaibika. Usingoje jioni. Na kama mna mtu wenu aliyepotea na kuna mmoja kwenu anayesumbua watu kwa simu, mwacheni asumbue. Msimnyamazishe.

Yunia sasa anakaa kwa Mama. Nasikia Mama bado hupiga simu kila Jumatatu asubuhi, kwa wazazi wenye mabinti huko nje, kuwauliza kama wamesikia lolote. Namba yangu anayo. Hajawahi kunipigia.