Kitenge cha Koko Marthe

Mimi ni Marthe wa Baraka. Wajukuu na majirani wananiita Koko. Nimelima mihogo tangu usichana wangu, nimezaa, nimelea, na mdomo wangu haujachoka hata leo. Kilichochoka kilikuwa kiuno.

Nilikuwa narudi kutoka Swima kwa boti. Kwetu boti haifiki nchi kavu. Unashuka na kupanda ukiwa majini, unavusha mguu juu ya ubao wa kando. Nilipovusha wangu, kiuno kilikataa kunishika. Nikaanguka majini na gauni langu la kanisani. Sikuumia, lakini watu waliona, na hilo ndilo liliniuma.

Mwanangu Isidore akasema, "Mama, mambo ya boti imeisha. Utaikala ku nyumba, sisi tutakutumikia."

Walinitumikia kweli. Divine, mke wa Isidore, alinikataza kufagia, hata kuinama kuokota kikombe. Nikitaka kusimama, Isidore alinivuta mkono huu, Divine ule. Kwetu hiyo ndiyo heshima ya mzee. Nami mgongo ulipolegea, nikajifunga kitenge kiunoni, nikakaza sana, asubuhi mpaka jioni. Lakini nikazidi kulegea.

Kisha Gentille, mjukuu wangu aliyeolewa Kazimia, akapiga simu.

"Koko, niko na mimba. Kama ni binti, ataitwa Marthe. Utakuja kumubeba?"

Kwetu mtoto aliyepewa jina lako ni majina wako. Ni lazima umbebe mgongoni, watu waone. Nilifurahi, halafu nikalia. Kazimia tunaenda kwa boti.

Jirani yangu Georgette alinikuta nikifuta macho. Yeye ni kine, kazi yake ni kuwasaidia watu kutia viungo nguvu. Akatazama kiuno changu.

"Koko, hii kitenge inafanya nini hapa?"

"Inanishikilia mugongo."

"Inafanya kazi ya tumbo yako. Nyama ya tumbo, ya mugongo na ya kiuno ndiyo inasimamisha muntu. Sasa kitenge inakaza, batoto banakuinua, na nyama inalala tu. Inaishiwa nguvu."

Isidore akakunja uso. "Kwa hiyo mama afanye mazoezi sawa basoda ba jeshi?"

"Hapana. Atafanya ya kwake, polepole. Kwanza aende ku santé bamupime."

"Mi niko hapa," nikasema. "Musiniongelee sawa kiti."

Huko santé, kwenye kituo cha afya, muuguzi alinipima presha, akasikiliza moyo, akauliza kama nina maumivu. Akasema niko mzima, naweza kuanza.

Georgette akaniketisha kwenye kiti kigumu kilichoegemezwa ukutani, miguu yote chini, mgongo wima.

"Vuta kitovu ndani kidogo, sawa unafunga kitenge bila kitenge. Shikilia. Endelea kusema na mi. Ukishindwa kusema, unajua umefunga pumuzi, na hiyo ni mubaya."

"Kusema haitamushinda," Divine akanong'ona. Nilimsikia.

Zoezi la pili lilikuwa kusimama kutoka kitini bila kushika kitu, kisha kukaa taratibu, bila kujitupa. Siku ya kwanza nilishindwa. Georgette akaweka mto juu ya kiti ili kiwe kirefu, nikaweza. La tatu lilikuwa la kulala chali kwenye mkeka, magoti yamekunjwa. Nilikaza tumbo, nikainua nyonga, nikashusha polepole.

"Mara chache, unapumuzika, unarudilia," akasema. "Ukisikia maumivu ao kizunguzungu, acha, uniite. Na ninyi, muache kumuvuta mikono. Musimame karibu tu."

Nilifanya karibu kila asubuhi, baada ya kutoa kitenge na kukitundika. Wiki za kwanza sikuona kitu, nikamnunia Georgette. Lakini siku moja kikombe kilianguka, nikainama, nikakiokota, nikaendelea na maneno yangu. Divine ndiye aliyeshtuka. Baadaye mto ukatoka kwenye kiti. Baadaye tena nikashika ufagio wangu, na hakuna aliyeninyang'anya.

Mtoto alizaliwa binti. Shingo yake ilipokaza, Gentille akaita. Isidore hakulala vizuri, mimi nililala.

Ufukweni vijana walikuja kunibeba mgongoni hadi kwenye boti. Nikawaambia wabebe magunia. Nikaingia majini, nikashika ubao kwa mikono miwili, nikavuta kitovu ndani, nikavusha mguu mmoja, halafu wa pili. Nikakaa. Isidore alikuwa nyuma yangu, mikono wazi, hakuna alichoshika.

"Panda basi," nikamwambia. "Unachelewesha bantu."

Akacheka mpaka machozi yakamtoka. Nami moyo wangu ulitulia, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya Swima.

Kazimia waliniwekea kiti kifupi. Wakanipa majina wangu, mzito, ananuka maziwa. Wanawake wawili wakaja kunishika mikono ili nisimame.

"Asanteni, bamama. Musimame karibu tu."

Nikasimama naye. Nikainama mbele, Gentille akamlaza mgongoni mwangu, nami nikafungua mfuko nikatoa kitenge changu, kile kile. Nikamfunga nacho, nikanyooka, na Marthe mdogo akalala.