Nilimkatia Mke Wangu Vidonge vya Uongo

Wasomaji wenzangu, nina miaka hamsini na minne, ni fundi wa kushona, na tangu nizaliwe Buyenzi hapa Bujumbura sijawahi kuwa mtu wa kutembea. Wenzangu walikwenda Kigoma, walikwenda Uvira, wakarudi na hadithi. Mimi nilikwenda msikitini nikarudi na viatu vyangu, basi. Cherehani yangu ilikaa barazani, kitanda changu hatua kumi nyuma yake, na kati ya hivyo viwili ndimo nilimoishi.

Nayasema haya mapema ili mnicheke sasa... Mbele hapatakuwa na nafasi.

Mke wangu Mwajuma ndiye aliyekuwa na miguu. Alfajiri alikwenda Kajaga, ufukweni kwa wavuvi, akanunua ndagala, dagaa wa ziwa letu, akarudi kuziuza sokoni. Mimi aliniita Bwana Kizingiti. Mteja akiuliza kama nipo, alimjibu, "Ataenda wapi huyo? Hata vita ikimutafuta itamukuta amekaa."

Wateja walicheka. Mimi pia nilicheka, maana ilikuwa kweli.

Basi vita vilipoingia mjini vilimkuta yeye njiani, mimi nimekaa. Binti yetu Hawa tulimpeleka kwa dada yangu ng'ambo ya ziwa. Tukabaki wawili.

Mwaka wa pili wa vita moyo wa Mwajuma ulianza vituko. Alipanda ngazi tatu tu za baraza, akashika nguzo. Niliweka sikio kifuani mwake. Moyo ule ulikuwa unakimbia, unaruka, unasita, unakimbia tena, kama cherehani iliyolegea mkanda. Hospitalini walimfunga nyaya, mashine ikachora mapigo kwenye karatasi, daktari akatueleza taratibu. Vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka badala ya kusukuma. Damu inalala pembeni humo, ikilala inaganda, na donge likichomoka linaweza kupanda kichwani likaziba mshipa. Kiharusi ndicho hicho, alisema.

Aliandika dawa mbili. Moja ya kutuliza mbio za moyo. Ya pili, vidonge vidogo vyeupe vya kuzuia damu isigande, vya kukatwa nusu au robo kufuatana na kipimo cha damu cha kila mwezi. Akatuonya: hii ya pili msiiache hata siku moja bila kuniuliza. Ukijikata, bana kidonda kwa kitambaa, njoo kwangu.

Nani wa kukata vidonge? Mimi, mwenye wembe wa kufumulia mishono. Kila baada ya sala ya alasiri niliweka kidonge juu ya ubao wangu wa kukatia nguo, nikakigawa bila kumwaga unga. Mwajuma alifungua mdomo kama kifaranga. "Bwana Kizingiti, leo umepata kazi ya maana." Hakuwahi kukitazama kidonge. Angekitazama kwa nini? Kilitoka mkononi mwangu...

Kisha ikaja siku ya jiwe.

Asubuhi hiyo vijana wa magenge ya mitaani waliamuru mji ufe. Maduka yafungwe, magari yasipite, atakayeonekana njiani shauri yake. Mwajuma alikuwa ameshafika Kajaga. Alirudi kwa miguu upande wa Buterere, akipita kwenye kingo za mashamba ya mpunga, beseni kichwani. Barabarani akakuta matairi yanaungua, na vijana wenye mapanga wamemlaza chini mwendesha baiskeli mmoja. Waliyomfanyia yule mtu Mwajuma alinisimulia mara moja tu, hakurudia. Walianza na mikono. Mwanamke mmoja nyuma yake akalia, vijana wakageuka, mawe yakaruka. Moja likampasua Mwajuma paji la uso.

Alifika nyumbani mwekundu mpaka kiunoni. Nilibana kidonda kwa suruali ya mteja. Ikalowa. Nikabana kwa kanga. Ikalowa. Damu ilipita katikati ya vidole vyangu, ya moto, haina haraka ya kukoma, na nje risasi zilikuwa zinapasuka kama kuni mbichi motoni. Nilibana tangu adhuhuri mpaka mikono ikafa ganzi. Jua lilipoanza kushuka, damu ikakoma.

Shikeni neno hilo, wenzangu. Ikakoma. Mimi sikulishika.

Kesho yake alikuja kutupa pole jirani yetu mzee Ramazani, fundi wa magari. Alisimulia guruneti lililotupwa sokoni juma lile. Alibeba kijana aliyepata kipande pajani, kidogo kama punje ya mahindi, na kijana akamwishia damu mikononi.

"Na yule hakuwa anakunywa kitu," akaninong'oneza Ramazani, Mwajuma alipoingia ndani. "Sasa we, vita iko mulangoni, unampa mukeo dawa ya kufanya damu maji. Unamutengeneza afe na mwiba?"

Nikamwambia daktari amekataza kuiacha.

"Daktari anakaa wapi? Kule guruneti hazifiki."

Mngekuwapo wakati ule mngenielewa, ingawa siwaombi mnisamehe. Buyenzi nzima ilikuwa inajiandaa kujeruhiwa. Kila nyumba ilikuwa na kopo la kahawa ya unga nyuma ya mlango, si ya kunywa, ya kubandika kwenye kidonda. Tuliogopa damu inayotoka. Ile inayoganda ndani, nani aliwahi kuiona?

Nilimwomba Mwajuma asiende tena Kajaga. Akaniuliza, tukikaa wawili kizingitini, tutakula vifungo? Nikamwomba basi aache kile kidonge mpaka vita viishe.

"Apana. Muganga amesema nimeze, mi nameza. We kata."

Nikakata.

Nilikuwa na vidonge vyeupe vya kiungulia. Nilivigawa kwa wembe, nikavichonga kingo, nikavipima kwa jicho mpaka vikalingana na robo za dawa yenyewe. Kazi safi, wallahi. Maishani sijashona suruali iliyokaa vizuri kama uongo ule. Vile vya kweli nikavificha chini ya vifungo, ndani ya kopo. Dawa ya kutuliza moyo niliendelea kumpa, ndiyo maana hakuhisi tofauti. Siku ya kipimo ikifika, nilisema barabara imefungwa. Mara nyingine ilikuwa imefungwa kweli, nami nikamshukuru Mungu kwa kuifunga! Mnaona nilipofika?

Wiki saba zikapita. Hakuguswa na jiwe wala risasi. Nilijiona mume hodari, nimemlinda mke wangu bila kuinuka kitini.

Ilitokea asubuhi tulivu, hakuna mlio wa chochote. Mwajuma alikuwa barazani, anachambua ndagala kwenye ungo. Aliitazama suruali niliyokuwa naishona akasema inamfaa mtu mwenye mguu mmoja na nusu. Akacheka... Kicheko kikabaki upande mmoja wa uso. Ungo ukateleza mapajani, ndagala zikamwagika, na mkono wake wa kulia ukaning'inia kama mkono wa koti kwenye msumari. Alitaka kusema kitu. Ilitoka sauti ya mtu aliyezibwa mdomo kwa nguo.

Hakuna panga, hakuna guruneti. Hakuna hata tone moja la damu.

Tulimlaza kwenye mkokoteni wa Ramazani, tukasukuma sote wawili. Na hapa uvivu wangu wa kutembea ukatoza ushuru. Ramazani alitaka tuzunguke, mimi nikakazana tupite njia niliyoijua tangu utotoni. Kumbe ilikuwa imefungwa siku tatu, na mji mzima ulijua isipokuwa mimi. Tuliwakuta wanaume wenye bunduki. Wa upande gani? Siku zile mwenye kuuliza hakusikia jibu.

Mmoja alinipiga kitako cha bunduki mdomoni kabla sijamaliza salamu. Meno yangu mawili ya mbele yalibaki pale. Ramazani walimlaza kifudifudi, wakamkanyaga mkono wa kushikia spana mpaka nikasikia mfupa. Wa tatu akausukuma mkokoteni kwa buti, Mwajuma akaanguka kwenye lami kama gunia. Alipomwona mdomo umepinda, akacheka.

"Mama amelewa saa hizi?"

Nikapigwa mbavuni, nikapigwa tena. Nilitambaa nimfunike Mwajuma. Ndipo mmoja wao akainama, akamgeuza uso kwa mtutu.

"Huyu si mama ndagala? Nimekula kwake kwa mukopo, huyu. Wacheni wapite."

Wakatuacha. Ndagala zake ndizo zilizotuvusha, si mume wake.

Hospitalini daktari aliuliza jambo moja kwanza: dawa ya kuzuia damu isigande, alikuwa anameza?

Nikajibu, mdomo umejaa damu, "Kila siku. Namkatia mwenyewe."

Daktari akakunja uso. Mashine ya kuona ndani ya kichwa haikuwapo nchini. Maabara haikuwa na umeme, nguzo zilikuwa zimeangushwa. Akasema kama amekunywa miezi bila kupimwa, pengine dawa imezidi na mshipa umepasuka kichwani. Basi waisimamishe, na wamchome sindano ya kuirudisha damu igande.

Yaani igande zaidi! Nilikuwa nimesimama pale. Nilijua. Wakamchoma, nami nikatazama sindano inaingia... Ulimi alionyang'anywa yeye ulikufa kinywani mwangu pia. Niliogopa nini? Nilimwogopa Mwajuma. Alikuwa hasemi, lakini anasikia.

Siku ya pili mguu wake wa kushoto ukawa baridi, mweupe kama tumbo la samaki. Aliguna kwa maumivu akiuma shuka. Daktari akatafuta mapigo juu ya unyayo, hakuyapata. Alinivuta karibu na kitanda.

"Hili ni donge lingine. Mutu anayemeza ile dawa hapati hivi. Naweza kumupa sindano ya kuzuia madonge, lakini kama kichwani kunavuja, nitamuua kwa mukono wangu. Kwa hiyo, mzee, niambie tena. Alikuwa anameza?"

Mwajuma alinikazia macho. Jicho moja lilikuwa limelegea, jingine lilikuwa lake kabisa.

Nilisema mbele yake. Nilitaja vidonge vya kiungulia, wembe, kopo la vifungo, wiki saba. Nilisema mpaka mwisho.

Daktari hakunipiga. Afadhali angenipiga, nilikuwa nimeshazoea. Alikimbilia sindano. Mwajuma akageuza uso ukutani, na hakuugeuza kwangu kwa siku tisa.

Mguu ulirudiwa na joto, isipokuwa vidole viwili vilivyoiva vyeusi vikakatwa. Mkono wa kulia haukurudi. Maneno pia hayakurudi. Mwanamke aliyenitania miaka kumi na mitano alikaa kimya nyumbani mwangu, na kimya chake kilinipiga kuliko kile kitako cha bunduki. Sokoni niliulizwa habari zake... Ndiyo, sokoni! Bwana Kizingiti sasa ndiye aliyekwenda Kajaga, beseni kichwani, wavuvi wakiniuliza sketi yangu iko wapi. Na kila mwezi nilimpeleka kupimwa damu, barabara ikiwa wazi au imefungwa. Wembe sikuutaja. Robo za kidonge alikata muuguzi, akazifunga kwenye karatasi, Mwajuma akazitia fundo la kanga yake, nisiguse.

Ndugu zangu mnaosoma, kama nyumbani kwenu kuna mtu mwenye moyo wa kukimbia ovyo, msifanye kama mimi. Msisikilize jirani, hata awe mwema kama Ramazani, ambaye mkono wake haukunyooka tena. Damu ikitoka inaonekana, unaweza kuibana, inakoma. Donge halibishi hodi. Mkiiogopa dawa, mwambieni daktari hofu yenu, msiikatie hukumu nyumbani. Na mkiulizwa ukweli kitandani kwa mgonjwa, semeni mara ya kwanza. Siku mbili zangu zilikula vidole viwili vya mtu mwingine.

Mwaka ulipita. Alasiri moja nimetoka kusali, nikamkuta amekaa mbele ya ubao wangu. Amelifungua fundo. Mwezi ule karatasi ya muuguzi ilikuwa na vidonge vizima, kumbe alimwashiria asivikate. Alikiweka kimoja katikati ya ubao kwa mkono wa kushoto, akausukuma wembe kuelekea kwangu. Safari hii alikitazama kidonge, hakuondoa macho kwenye vidole vyangu. Mdomo wake ukahangaika muda mrefu, nikadhani unamuuma. Halafu neno likatoka, limepinda, lakini zima, la kwanza tangu siku ile ya ungo.

"Kata."