Damu ya Boito Haipandi Ndege

"Tai, jani limepita kiwanda."

Ilikuwa sauti ya Ombui, mkuu wa kitengo cha upelelezi, ikikwaruza sikioni kutoka Nairobi.

"Nimeona," akajibu Fancy Chepyegon, ambaye redioni aliitwa Tai.

Akavuta mafuta. Pikipiki yake ya Yamaha ikanguruma.

Lori lililojaa majani mabichi ya chai halipiti kiwanda. Mtoto yeyote wa Boito anajua hilo. Aliyelikodi hili hakujua, na sasa lilikuwa linateremka mbio kuelekea Sotik, ambako ndege ndogo ilingoja.

Lilibeba damu iliyoibwa maabara asubuhi hiyo. Damu ya wakulima wenye kisukari walioshikwa na kifua kikuu. Sukari ilikuwa imeweka alama juu ya vinasaba vyao, ikavizima vile vinavyoamsha kinga ya mwili. Vinasaba vyenyewe havikuharibika. Zilikuwa alama tu, na huenda zingefutika. Ambaye angegundua kwanza njia ya kuzifuta ndiye angemiliki dawa, na wenye damu wangeinunua kwake kwa bei atakayo.

Chupa moja ilikuwa ya Elmina, mamake Fancy. Walimzika Aprili. Hangetoa nyingine.

Alilipita lori kwenye kona, akaegesha pikipiki katikati ya barabara, akachomoa bastola yake ya Glock.

Breki zikalia.

Dereva, Kiplangat, akashusha kioo. "Madam, kiwanda imejaa. Tumeambiwa tupeleke hii majani Sotik."

"Shuka, ndugu yangu. Na mgeni wako pia."

Mgeni aliyeketi kando yake aliitwa Brandt. Alishuka akitabasamu. "Mimi mnunuzi wa chai. Tafuta."

Fancy alipanda juu, akazamisha mkono ndani ya magunia, moja baada ya jingine. Majani yaliyoshindiliwa hupata moto, na haya yalikuwa yameanza kuungua.

Gunia la kona lilikuwa baridi; ndani yake mkono uligusa sanduku la barafu.

Tabasamu la Brandt likafa. Mkono wake ukaenda kiunoni.

Fancy alifyatua kwanza. Bastola ya Brandt ikaruka mtaroni.

"Walisema ni dawa ya ng'ombe," Kiplangat alinong'ona, akitokwa na jasho.

"Ni damu ya watu wetu wenye sukari," Fancy akasema.

"Mama yangu pia ako na sukari, madam."

"Basi mfunge."

Kiplangat akamfunga Brandt kwa kamba ya magunia, na hakuilegeza.

"Mtafanya nini na hiyo damu?" Brandt akafoka. "Hapa hamna hata mashine."

"Tutatafuta. Na tukikosa, itakaa hapa hapa. Ukiitaka, utasimama nje ya geti uombe ruhusa kwa wenyewe. Wenyewe hawajaisha."

Alifunga sanduku la barafu nyuma ya pikipiki.

"Tai, hali?" Ombui akauliza.

"Mzigo iko sawa. Tuma polisi wachukue mgeni."

"Na ndege?"

"Wacha ingoje."

Akavaa helmeti bila haraka.

"Ombui, ambia maabara wafungue. Waanze na ya mama."