Mlango wa Chumba cha Makaa

Mjomba wangu Silas Penrose alikuwa mchochea moto kwenye manowari ya chuma iitwayo Hesperia. Haya alimsimulia mama nyumbani kwetu Portsmouth. Mwisho wake tuliletewa na mwenzake, Amos Trickett.

Siku hiyo bahari ilikuwa shwari. Mchana wachochea moto walikula nyama ya chumvi na supu ya njegere, wakimtania Jabez, rafiki mkubwa wa mjomba.

"We Jabez, hiyo supu unakunywa au unaogea?"

"Naogea. Nawe ungejaribu, unanuka."

Wakarudi kazini. Jabez akaingia chumba cha makaa. Mara meli ikapanda mwamba, likatoboka tundu ubavuni mwa chumba hicho, maji yakafumuka. Ofisa akapiga kelele ngazini, "Funga mlango! Tutazama sote!"

Mlango ule hufungwa kwa gurudumu lililo upande wa nje tu. Mjomba alilizungusha huku Jabez akimwita kwa jina.

Meli ikaokoka. Ilipopandishwa chelezoni kutengenezwa, chumba kilikutwa kitupu. Wakasema maji yamemtoa kwa lile tundu. Wakaliziba, wakarudi baharini.

Siku ya kwanza tu, mlango ukagongwa kutoka ndani.

"Silas. Maji yamefika kiunoni, ndugu yangu."

Akafungua. Makaa makavu.

Kesho yake: "Yamefika shingoni."

Mjomba akamgeukia Amos. "Umesikia?"

Amos hakumtazama. "Tunasikia sote," akanong'ona. "Wewe usijibu tu."

Mjomba alipokuja likizo alikuwa amekonda hata mama akalia. Akamsihi asirudi. Lakini mwanamaji akitoroka hufungwa, naye alishachoka.

"Dada, safari hii nitamjibu."

Adhuhuri moja, Amos alimwona akiingia mle chumbani. Mlango ukajifunga. Gurudumu likazunguka lenyewe. Wanaume kadhaa wakaling'ang'ania. Halikutii.

Mjomba alikuwa akipiga mayowe. Kisha wakasikia maji. Kisha kimya.

Gurudumu likalegea.

Makaa yalikuwa makavu. Mjomba alikuwa amelala juu yake, nguo kavu. Walipomgeuza, maji ya bahari yakamtoka kinywani. Yalitoka muda mrefu.

Wakamzika baharini.

Amos alirudi kuutazama ule mlango kwa ndani. Juu kabisa, karibu na dari, alama za viganja vya watu zilikuwa zimebonyea kwenye chuma, kama kwenye unga uliokandwa. Akaweka kiganja chake juu ya moja moja.

Waliofungiwa mle walikuwa wawili tu. Za mkono wa kulia zilikuwa tatu.