Hakuna Aliyemuuliza Punda

Kila asubuhi, kabla kengele haijalia, Kasuku alikuwa ameshakaa dawati la mbele, soksi kazivuta hadi magotini, anasoma kitabu cha Kifaransa kwa sauti ya kuwafikia hata waliokuwa uwanjani. Wenzake walimpa jina hilo kwa sababu ukurasa mzima aliweza kuusema kwa moyo bila kukohoa. Maana ya alichokisema haikumshughulisha sana.

Jirani yake dawatini aliitwa Usingizi, na kwa jina hilo hakuonewa. Somo likianza tu, kichwa chake kilianza kuinama kama mtu anayekubali kila neno. Kasuku alimpiga kiwiko, kisha akawaambia wengine kwamba huyu mwenzao amekuja shuleni kupanga chumba cha kulala.

Siku moja mwalimu aliwasomea hadithi ya mfanyabiashara na mkewe waliokuwa wakienda sokoni. Punda wao aliyebeba magunia ya viazi alisimama katikati ya daraja akagoma. Akatukanwa, akachapwa, na soko likafungwa bado kasimama.

Mwalimu alikuwa na desturi yake. Aliweka kiti mbele ya darasa. Anayekikalia si mwanafunzi tena, ni mmoja wa waliomo hadithini, na wenzake humuuliza maswali kwa Kifaransa. Ambao wangejibu vizuri Ijumaa ndio wangeigiza hadithi hiyo siku ya wazazi.

Kasuku alijiandaa kuwa mke wa mfanyabiashara, kwa kuwa ndiye mwenye maneno mengi. Mwalimu akampa nafasi ya punda. Darasa zima likacheka.

"Lakini mwalimu, punda hana hata neno moja la kukariri," Kasuku alilalamika.

"Ndiyo maana nimekupa wewe," mwalimu akamjibu.

Alipokaa kitini kwa majaribio aliulizwa kwa nini aligoma darajani. Kasuku akafumba macho, akaisema hadithi yote tangu mstari wa kwanza. Mwalimu akamwambia hayo ni ya msimulizi, je, punda mwenyewe anasemaje? Mtu wa nyuma akadakia kwamba labda punda ni mvivu kama Usingizi, na Kasuku akacheka kuliko wote. Usingizi aliinamisha uso, na safari hii hakuwa amelala.

Mwalimu akasema Kasuku asipopata jibu hadi Ijumaa, nafasi yake itakwenda kwa mwingine. Hapo kicheko kikamkauka. Baba yake, kinyozi, alikuwa ameshawatangazia wateja wote kwamba binti yake atazungumza Kifaransa mbele ya watu. Wateja walisikiliza watake wasitake, maana nani atakimbia na nusu ya kichwa haijanyolewa?

Jioni, akipita bombani, alimkuta Usingizi anajaza ndoo mbili. Mama yake alikuwa dobi, na maji hayakufika nyumbani kwao. Kasuku akapata wazo.

"Nipe hizo ndoo. Nafanya mazoezi ya upunda."

Usingizi alimtazama kwanza, kisha akampa. Kasuku alianza kwa maringo. Walipofika kwa fundi viatu, soksi zilikuwa zimelowa, vidole vinawaka na mabega yanamlilia. Akazitua ndoo katikati ya njia.

Usingizi akashika kiuno, akasema kwa Kifaransa safi, kwa sauti ya mfanyabiashara, "Tembea, mvivu wewe."

Kasuku alitaka kucheka, lakini hasira ndiyo iliyotangulia. "Uvivu gani? Umeniuliza naumwa wapi?"

"Na wewe umewahi kuniuliza mimi?"

Kasuku alizitazama zile ndoo. Akauliza, kwa sauti ndogo, hubeba mara ngapi. Usingizi akamwambia ni mpaka pipa lijae, jioni na tena alfajiri kabla ya shule. Kasuku akainua kichwa, akalia kama punda. Usingizi alicheka mpaka akakaa chini. Kisha kila mmoja akabeba ndoo moja.

"Shikamoo, mama," Kasuku alimsalimu dobi.

"Marahaba, mwanangu." Akamgeukia Usingizi. "Na huyu ni nani?"

"Ni punda wangu, mama," Usingizi akasema.

"Basi mpe maji anywe. Mnyama wa Mungu huyo."

Tangu kesho yake, alfajiri bombani walikuwa wawili. Ijumaa Kasuku alikaa kitini, na Kifaransa chake kilitoka kwa kuchechemea.

"Mgongo unaniuma. Nimebeba tangu alfajiri. Wote mmenipiga, hakuna aliyeniuliza."

Kwa mara ya kwanza Kasuku alikuwa amesema jambo lisilokuwamo kitabuni.

Siku ya wazazi aliyarudia maneno hayo jukwaani, na kinyozi akasimama kuwaambia watu kwamba punda yule ni wake. Ukumbi ukacheka. Mwalimu akangoja watulie.

"Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi," akasema. "Kwa macho ni mwepesi kama pamba; huuoni uzito wake mpaka uubebe. Tunasoma habari za watu wa mbali, kwa lugha yao, ili tujizoeze kuwauliza hata walio karibu yetu. Kabla hujamcheka mtu, muulize amebeba nini."

Usingizi hakuyasikia. Walikuwa wamekaa pembeni ya jukwaa, naye amelala begani kwa Kasuku. Walipoitwa kupiga picha, Kasuku hakumpiga kiwiko. Alibaki palepale, kagoma kusogea, kama punda darajani.